Sentimita Kumi na Tatu

Pacha alikuja karakana Jumanne asubuhi, akavua viatu mlangoni na kuvishika mkononi, eti vumbi la mbao lisiviharibu. Viatu vya ualimu hivyo, vimepigwa rangi mpaka unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Nilikuwa nalainisha mguu wa meza, nikamwambia avibebe kichwani kabisa kama anaona hapa pachafu kiasi hicho.

"Randa, acha uchokozi wako," akasema. "Nimekuletea kazi."

Randa ndiye mimi. Walinipa jina hilo nilipoanza kujifunza useremala, kwa sababu nilikuwa nakwenda nayo randa mpaka mezani kula. Siku hizi hata mke wangu ananiita hivyo, na akiniita kwa jina langu la shule najua nimekosea kitu.

Na yeye namwita Pacha, ingawa hatukutoka tumbo moja. Mama yangu mzazi alikuwa mpangaji katika chumba cha uani cha nyumba ya Mama. Alifariki nikiwa na miezi miwili, na baba yangu hakuna aliyewahi kumtia machoni. Mama wakati huo alikuwa na kichanga cha kike cha wiki tatu, ndiye Pacha. Basi akaniweka ziwa la pili. Hakuna ofisi wala karatasi. Alinichukua tu, kama mtu anavyoanua nguo za jirani mvua ikianza. Tukanyonya pamoja, tukaota meno pamoja, tukaanza shule siku moja. Mtu akimuuliza Mama ana watoto wangapi alijibiwa "watano" papo hapo. Mimi mwenyewe ukweli niliujua nina miaka kumi na moja, tena kwa mtoto wa jirani tukigombania mpira. Nilimng'oa jino. Mama alinichapa kwa lile jino, kisha akanilaza kitandani kwake mchana kutwa na kukataza mtu yeyote asiingie.

"Kazi gani?" nikamuuliza Pacha.

"Ile picha yetu. Tumeikuza. Tunataka fremu, itundikwe sebuleni kwa Mama."

Sikuuliza picha gani, kwa maana tunayo moja tu. Ilipigwa mimi na Pacha tukiwa na miaka saba. Mama amekaa kwenye kiti, Kitindamimba yuko mapajani, kafungua mdomo analia. Upande mmoja wamesimama Kaka Mkubwa na Dada wa Pili. Upande wa pili yuko Pacha, na baada ya Pacha, mwisho kabisa, niko mimi ndani ya shati la Kaka Mkubwa lililonifika magotini. Pacha amenishika mkono. Baba hayumo kwa sababu alisimama nyuma ya mpiga picha akitukataza kucheka, na baada ya mwaka ule hakuishi sana. Picha ile ilikaa miaka yote kwenye sanduku la Mama, chini ya nguo zake za kutokea, na tuliruhusiwa kuitazama tukiwa tumenawa mikono.

Niseme wazi, maana sioni faida ya kujifanya jabali: niliitaka ile picha ukutani. Niliitaka kuliko wao wote. Wenzangu wana jina la Baba kwenye vyeti vyao, wana pua ya Mama, wana namna ileile ya kupiga chafya mara tatu. Mimi nina picha. Ikikaa sandukuni, mimi ni hadithi ambayo Mama anaweza kuisimulia au asiisimulie. Ikikaa ukutani, kila anayeingia atahesabu watoto mwenyewe, na atafika watano.

Pacha akanipa kikaratasi. Kimo hamsini, upana sitini na mbili.

"Halafu," akasema, "ule ukingo wa fremu unaokuja juu ya picha, huwa unafunika kiasi gani?"

Nilifurahi kama mjinga. Katika miaka yangu yote ya ufundi, hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza kitu kuhusu kazi, isipokuwa itakwisha lini. Nikachukua kipande cha fremu ya mteja nikamwonyesha: kwa ndani kuna ngazi ndogo, mkato unaobeba kioo na picha, na ile midomo ya mbao inayobaki mbele ndiyo inayoishikilia isidondoke. "Nusu sentimita," nikamwambia. "Picha inapoteza nusu sentimita kila upande, lakini hakuna anayeona."

"Unaweza kuufanya sentimita nzima?"

"Kwa nini?"

"Pembeni karatasi ina kasoro kidogo. Ukingo ukiwa mpana itajificha."

Nikamwambia hilo si tatizo. Akasema picha bado iko studio, atakuja nayo mwenyewe nyumbani Jumamosi, mimi nije na fremu na kioo chake. Na nisisahau zana, kwa sababu mlango wa jikoni wa Mama umeanza kukwama. Alipokuwa anaondoka alinishika bega, akalibana kidogo, akataka kusema kitu. Kisha akavaa viatu vyake akaenda zake.

Nilikitazama kile kikaratasi nikacheka peke yangu. Picha ya asili ni ya kumi kwa kumi na tano, naijua kama nijuavyo kiganja changu. Ukiikuza mpaka kimo kifike hamsini, upana unakuwa sabini na tano. Haiwi sitini na mbili hata uiombee. Lakini Pacha na hesabu hawajawahi kusalimiana. Alinakili zangu tangu darasa la pili hadi tunamaliza, na ndiyo maana leo anafundisha historia.

Ningeweza kumpigia simu. Fundi anapewa kipimo, na akikitilia shaka anauliza. Hiyo ni sheria, na nimewahi kukosana na mafundi wenzangu kwa kuivunja. Lakini nilisema moyoni, nikimpigia atasikia aibu, ngoja nimsitiri. Jumamosi nitamtania mbele ya wenzake, tutacheka, yatakwisha. Nikafuta sitini na mbili, nikaandika sabini na tano. Ule ukingo wa sentimita nzima niliuacha alivyotaka yeye.

Mbao nilikuwa nayo. Miaka mitatu iliyopita, wenzangu walipomjengea Mama nyumba mpya, kitanda chake cha zamani kilitupwa uani, na Kaka Mkubwa akasema kichomwe. Nikazibeba mbavu zake mbili begani, mninga mzito wa zamani, nikazihifadhi juu ya dari ya karakana. Watu walikuja kuziulizia nikawaambia zina wenyewe. Kwenye kitanda kile tulinyonyeshwa, tukakojoa, tukaugua surua wote watano kwa wiki moja tukilazwa kwa kupishana vichwa na miguu.

Nikazipasua, nikapiga randa. Juu mbao ilikuwa ya kijivu, imechoka, ina alama za miguu ya kitanda na mahali kucha zilipopita. Randa ilipokwenda mara ya tatu ikatoka nyekundu. Nikasimama nikaiangalia tu, randa mkononi. Kisha nikachimba ngazi ndani, taratibu, kwa patasi niliyoinoa mpaka ikanyoa nywele za mkono.

Pembe ndizo zinazomtambulisha fundi. Kila ncha inakatwa kwa mshazari, nusu ya pembe mraba, na zikikutana nne zote zifunge bila hata unywele kupita. Ya kwanza ilifunga, ya pili ikafunga, ya tatu ikafunga, ya nne ikaacha ufa mwembamba ambao mteja asingeuona hata kwa miwani. Mimi niliuona. Nikakata upya. Nikapaka gundi, nikaizungushia kamba, nikakaza kwa vigingi, nikaiacha siku nzima. Kisha nikapasua kila pembe kidogo na kuchomeka kijiti bapa cha mbao nyeupe kishikilie maungio. Sikutia hata msumari mmoja. Msumari kwenye fremu ni kama mtu anayeapa sana. Unajua mahali fulani hapako sawa.

Mke wangu aliniletea chai akanikuta naipaka nta kwa kitambaa cha pamba.

"Hii ya mteja gani? Mbona umeibembeleza hivyo?"

"Ya nyumbani. Kwa Mama."

Akaizunguka, akaishika pembe moja. "Nzuri. Hivi wao mara ya mwisho kukuita bila kuwa na mlango uliokwama ilikuwa lini?"

Nilimkata kauli. Nilimwambia aache fitina, hao ni ndugu zangu, na kama hana la maana la kusema abaki na chai yake. Akaondoka na kikombe kweli. Mimi ndivyo nilivyo, nikiguswa penye kidonda nang'aka kwanza, kufikiri kunakuja baadaye.

Jumamosi nilifika saa sita mchana, nimevaa shati lililopigwa pasi, fremu nimeifunga kwa shuka, sanduku la zana mkononi. Nyumba ile naijua kwa viganja, kwa kuwa milango yote saba ni kazi yangu. Sakafu ilikuwa imedekiwa, viti vimevishwa vitambaa vipya. Kaka Mkubwa alikuwa amevaa koti katika joto lile, anatoka dirishani anakwenda mlangoni, anarudi. Binti yake amepata mchumba, na wazazi wa huyo kijana walikuwa wanakuja saa kumi kuifahamu familia. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, miguu juu ya kigoda. Nikamwamkia, akanishika kichwa kama kawaida yake, akauliza kama nimekula.

Nikaanza na mlango wa jikoni. Nikaung'oa, nikaupunguza chini, nikaurudisha, ukafunga bila kelele. Kisha nikaja sebuleni nikafungua shuka.

Dada wa Pili akapiga makofi. Mama akaomba isogezwe karibu, akapitisha kidole kwenye mbao, akasema, "Hii si ya kitanda changu?" Nikamwambia ndiyo yenyewe. Akatikisa kichwa, akaurudisha mkono wake mapajani.

"Mbona kubwa hivi?" akauliza Kaka Mkubwa.

"Muulize mwalimu wetu wa historia," nikajibu nikicheka. "Kaniandikia sitini na mbili. Nimemsahihishia."

Pacha alikuwa amesimama karibu na kabati, bahasha kubwa ya kaki ameikumbatia kifuani. Hakucheka. Nikadhani ana aibu.

"Haya, lete picha," nikamwambia.

"Iache tu. Nitaiweka mwenyewe baadaye."

"Utaiweka wewe? Tangu lini? Fundi hapa nani?"

Nikaishika bahasha. Akaing'ang'ania kidogo, kisha vidole vyake vikaachia.

Mimi picha huwa siitazami kwanza. Nikishafuta kioo natia picha haraka, uso chini, kwa sababu ukizubaa vumbi linaingia. Basi nikailaza fremu kifudifudi mezani na kuiteremsha ile karatasi ndani. Ikakaa vizuri kushoto, kulia pakabaki nafasi. Nikaisukuma kulia, nafasi ikahamia kushoto. Nikatoa tepu. Sentimita kumi na tatu kamili.

"Studio wamewaharibia," nikasema. "Wamekata. Kuna mtu wamemkata."

Dada wa Pili akajifanya anatengeneza kitambaa cha kiti ambacho hakikuharibika. Nikaichukua picha nikaigeuza.

Kaka Mkubwa yupo, Dada wa Pili yupo. Mama yupo, na Kitindamimba na kilio chake. Pacha yupo na gauni lake la madoa. Baada ya Pacha, karatasi imekwisha. Mkono wake umeshuka ubavuni, na ndani ya kiganja chake, ukingoni kabisa, mna vidole vinne vya mtoto. Vidole tu, havina mkono wala mwenyewe.

Niliviangalia muda mrefu. Kisha nikaweka tepu juu yake, kwa sababu mikono ya fundi hupima hata akili ikiwa imesimama. Vilikuwa pungufu kidogo ya sentimita moja.

"Pacha," nikasema. "Ulitaka ukingo uwe sentimita nzima."

Akakaa chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti ilikuwa kavu. "Ningekata zaidi, ningekata na mkono wangu."

Ndivyo alivyosema, sikuongeza neno. Alikuja karakana kwangu, akavua viatu, akaniacha nimweleze kazi yangu kama mtoto anayeonyesha mchoro wake, na alichokuwa akitaka kujua ni kama mbao zangu zinatosha kunifunika.

"Usipandishe sauti," Kaka Mkubwa akasema, ingawa nilikuwa sijaipandisha. "Hii si chuki. Wale watu ni wadadisi. Nilishawaambia tumezaliwa wanne, ilinitoka tu, ilikuwa rahisi. Sasa waje waone watano, waanze: huyu nani, baba yake nani, mama yake alikuwa nani hapa? Nitajibu nini mimi? Baba yako hata wewe humjui. Ni binti yangu anayeolewa, Randa. Ni siku moja tu."

"Siku moja? Mmenitengenezesha fremu ya siku moja?"

"Tungekuja kuibadilisha baadaye."

"Na wewe ungekata kidole kipi chako kwa siku moja, nikakuwekea baadaye?"

Kitindamimba, ambaye simu yake ilikuwa imemkolea ghafla, akatoka nje. Nilikuwa nimefura, na nilitaka kuivunja ile fremu gotini mbele yao. Lakini nilimgeukia Mama. Bado nilikuwa naamini kuna mtu mmoja pale ambaye hakuambiwa.

"Mama. Ulijua?"

Mama alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua. "Walinionyesha."

"Ukasema nini?"

"Nikasema wafanye wanavyoona. Mimi nitabishana na nani sasa? Ndio wanaonitunza, nyumba wamejenga wao." Akaninyooshea mkono, nikaenda nikachuchumaa mbele yake, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. "Wewe mwanangu ni mwelewa. Tangu mdogo wewe ukiambiwa jambo unaelewa. Hawa ukiwakatalia kitu kimoja wananuna mwezi mzima."

"Kwa hiyo anayeelewa ndiye anayekatwa?"

"Picha ni karatasi," akasema kwa sauti ya chini, sauti yake ya kuamshia mtoto mgonjwa. "Waache na karatasi yao. Mdomoni mwangu wewe ni mwanangu, na atakayeniuliza hapa nitamwambia hivyo. Nakuahidi. Sasa nifanyie mimi, ipunguze, wageni wasikute ukuta mtupu."

Nilimwamini. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu mke wangu hadi leo ananiuliza kichwa changu kilikuwa wapi. Yule mwanamke alinilea. Aliponiambia dawa haiumi, sikuwahi kumuuliza mara mbili. Nikajiambia, karatasi wachukue, maneno ya Mama yatanitosha. Nikabeba fremu nikatoka nayo barazani.

Nikakata pembe mbili za upande wa kulia palepale zilipoungana. Msumeno ulipita katikati ya vile vijiti vyeupe nilivyovichomeka, vikalia kidogo. Nikazipunguza zile mbao ndefu sentimita kumi na tatu kila moja, nikachonga mishazari mipya, nikakata kioo. Pacha akatoka, akasimama kando yangu.

"Nikushikie hapo?"

"Nenda kakae kwenye picha yako."

Akarudi ndani. Nilisikia akijipenga kamasi.

Gundi inataka siku, na mimi nilikuwa na saa mbili. Ikabidi nitie misumari. Misumari sita myembamba, mitatu kila pembe, nikaizamisha vichwa na kuziba matundu kwa unga wa mbao na gundi. Ukiniletea leo nitakuonyesha ilipo, lakini wewe mwenyewe hutaiona. Hiyo ndiyo iliyonitia uchungu zaidi, kwamba hata nikiwa na hasira kiasi kile mikono yangu ilikataa kufanya kazi mbaya. Pembe zilifunga zote nne mara ya kwanza.

Saa tisa na nusu ilikuwa ukutani, imenyooka. Ukingo ulifunika vidole sawasawa. Pacha wa miaka saba sasa alikuwa ameshika mbao.

Wageni walifika kwa wakati. Mzee mnene mwenye kicheko cha karibu, na mkewe, mama mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Tukasalimiana wote kwa mikono, watu wakakaa. Mimi nilibaki nimesimama karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu viti vilikuwa vimehesabiwa. Sanduku la zana lilikuwa miguuni pangu. Kaka Mkubwa alikuwa anaongea bila kupumua: safari ilikuwaje, joto la siku hizi, huyu dada yetu, huyu mdogo wetu wa mwisho. Aliponifikia mimi macho yake yakapita juu ya kichwa changu yakatua kwenye feni.

Yule mama akainuka akaenda kwenye picha. Akaitazama kwa karibu.

"Jamani, picha ya zamani nzuri hivi! Mama, hawa ndio wanao?"

"Ndio hao," Mama akasema.

"Wanne. Hongera. Na fremu yenyewe, mbao kweli hii!" Akageuka, akaniona pale nilipo, akatabasamu. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kila mtu awe na jina lake. "Na huyu kaka ni nani kwenu?"

Kaka Mkubwa akakohoa. Pacha akainamisha kichwa. Mimi nikamtazama Mama, na moyo wangu, nasema kweli, ulikuwa umetulia. Swali limeulizwa, na limeulizwa kwake. Hakuna mwingine aliyepaswa kulijibu.

Mama akanitazama. Halafu akamtazama yule mgeni, kisha mjukuu wake, yule binti anayechumbiwa, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti, viganja vimebana magoti.

"Huyu?" akasema Mama. "Huyu ni fundi wetu. Ndiye aliyetutengenezea hiyo fremu. Hata milango hii yote ni kazi yake, fundi mzuri sana."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemsifia mwingine kwa moyo. Yule mzee mnene akanyanyuka nusu, akanipa mkono kwa mara ya pili. "Kazi safi, fundi. Safi kabisa." Nikamwambia asante. Lile neno lilitoka vipande viwili.

Nikainama nikafunga sanduku. Nikalibeba, nikapita katikati ya sebule, mbele ya miguu yao wote, nikasimama mbele ya Mama. Sikuchuchumaa.

"Basi, bibi, mimi nakwenda," nikamwambia. Tangu nianze kuongea sikuwahi kumwita bibi. "Ikilegea au ikileta shida yoyote, mtume mmoja wa wanao wanne aje anione karakana."

Nikasubiri. Nilimpa muda wa kutosha. Mtu angeweza kusema maneno matatu akayarudia. Macho yake yalijaa maji, nikaona midomo yake inajikusanya kama inatafuta pa kuanzia.

"Haya, fundi," akasema, na akawakaribisha wageni mezani.